Halilii, Linasaga

Mtoto wa mwisho ndiye aliyeisikia kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameteremsha kioo. Gari lilikuwa likishuka kutoka Nyandira, buti limejaa kabichi, karoti na kiroba cha njegere, bibi yao amekaa mbele na jogoo aliyefungwa kamba miguuni pake. Kila mama alipokanyaga breki penye kona, gurudumu la mbele upande wa kushoto lilitoa sauti nzito. "Mama, gari linasaga mahindi," mtoto akasema. Wakacheka. Kwenye kona iliyofuata bibi alimwachia jogoo, akashika mlango.

Dereva wa siku hiyo ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Morogoro. Humu ataitwa Mwalimu tu, maana hata muuza mkaa wa mtaani kwao Kilakala hamwiti vingine. Gari lenyewe ni Toyota IST, lililoingia nchini likiwa limeshatumika Japani, kama yalivyo magari mengi ya familia za Tanzania. Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za dramu, na gia zinajibadilisha zenyewe. Hakuna la ajabu katika gari hilo, wala ugonjwa wake haukuwa wa ajabu. Ajabu ni jinsi watu watano wenye akili zao walivyousikia kwa miezi miwili na kila mmoja akapata sababu ya kutosimama.

Anayetoka Morogoro mjini kwenda Mgeta hufuata barabara kuu ya Iringa, na akifika Sangasanga, jirani na Chuo Kikuu Mzumbe, hukata kushoto na kuanza kuipanda Uluguru. Mji uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyandira iko zaidi ya mita 1,500. Tofauti hiyo ndiyo inayowapa wakulima wa Mgeta baridi ya kustawisha kabichi, njegere na hata pichi na plamu, wakati bondeni jua linapasua midomo. Ndiyo pia inayokula breki.

Inazila kiasi gani? Baadaye Mwalimu alimwomba mwenzake wa somo la fizikia amkokotolee ubaoni. Gari lenye watu na mizigo, uzito wake tuseme kilo 1,300, likishuka mita 1,000 lina nishati ya karibu megajuli 12.7 ya kuitua njiani. Kama kazi yote ingeachiwa breki, joto hilo lingetosha kuchemsha lita 38 hivi za maji yaliyotoka mtungini, yaani ndoo mbili za lita 20 kasoro kidogo. Mwenzake akaweka chaki chini, akasema: "Na sehemu kubwa ya ndoo hizo unazichemshia kwenye pedi nne za mbele, ambazo kila moja inaenea kiganjani."

Lakini mlima haukuanzisha ugonjwa. Uliukuta.

Mwalimu anasema angepaswa kuwa mtu wa kwanza kujua. Kila mwaka husimama mbele ya wanafunzi akafundisha tanakali za sauti: kuanguka pu, kutumbukia chubwi, kuvunjika ka. Huwaambia kwamba Mswahili hasemi tu kuwa kitu kimeanguka. Hukisema kwa sauti yake, na mwenye masikio anajua kilichoanguka ni nazi au ni mtoto. Mwezi wa Machi, mvua za masika zilipoanza, gari lake lilianza kusema kwii. Sauti nyembamba kama filimbi ya refa wa mbali, ikija breki zinapoguswa na kukoma zikiachiwa. Nyumbani wakasema ni mvua.

Haikuwa dhana ya kijinga. Diski ni chuma kitupu, na gari likilala nje usiku wa mvua, asubuhi diski zina utando wa kutu. Breki mbili tatu za kwanza hukwaruza, utando ukafutika, sauti ikaisha kabla hujafika barabara ya lami. Kosa lao lilikuwa moja: kwii yao haikuisha. Ilikuwepo asubuhi, ikawepo mchana wa jua kali, ikawepo jioni mbele ya soko la Chifu Kingalu.

Pedi mpya ya breki huwa na kitambaa kigumu cha kusugulia chenye unene wa milimita 10 hivi, kilichogandishwa kwenye bamba la chuma. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliokunjwa pembeni. Kitambaa kikibaki milimita 2 au 3, ulimi huo hugusa diski na kupiga filimbi. Si bahati mbaya wala si uchafu. Ni kengele iliyowekwa kwa makusudi na aliyeitengeneza pedi, imwambie mwenye gari kwamba zimebaki siku za kununua nyingine. Familia ya Mwalimu ilikuwa ikiongeza sauti ya redio.

Ishara ya pili ilikuja kwa macho. Akipanda kilima kurudi nyumbani, taa nyekundu ya breki iliwaka kwenye dashibodi, akifika tambarare ikazimika. Handibreki ilikuwa chini. Alipopita kwenye kituo cha mafuta, kijana wa pale akafungua boneti, akaona mafuta ya breki yamepungua kwenye kichupa chake, akajazia mpaka kwenye alama ya juu. Taa haikuwaka tena. Mwalimu akampa ya soda, na leo anasema hakuna soda aliyowahi kumnunulia mtu iliyomgharimu kama ile.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotea. Mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Pedi zinapopungua unene, pistoni za kwenye kalipa hutoka mbele zaidi kuzifuata, na nafasi inayobaki nyuma yake hujazwa na mafuta kutoka kwenye kichupa. Kwa hiyo kichupa kikishuka pole pole bila kuvuja popote, kinapima pedi. Ndani yake mna boya dogo. Gari likiinamia nyuma mlimani mafuta huhama, boya likashuka, taa ikawaka. Gari lilikuwa limemwambia Mwalimu kwa taa kile kile lililomwambia kwa filimbi. Kujazia mafuta kukafuta ujumbe. Na adhabu yake huja mwisho: siku ya kufunga pedi mpya pistoni zinasukumwa kurudi ndani, mafuta ya ziada yanafurika, na mafuta hayo yanakula rangi ya gari.

Ishara ya tatu ilikuwa kokoto, na kokoto ndiyo iliyowadanganya zaidi. Mwishoni mwa Aprili sauti ilibadilika, ikawa krrr ya kukwaruza. Fundi mmoja wa kando ya barabara akalala chini ya gari na tochi ya simu, akapeleka bisibisi nyuma ya diski na kutoa kijiwe kilichokuwa kimebanwa na bati la kukingia vumbi. Akakiinua juu kama daktari wa meno. Kijiwe kilikuwa cha kweli, na vijiwe vya namna hiyo husumbua kweli magari yanayopita njia za changarawe. Sauti ikapungua, kila mtu akaridhika. Gurudumu halikufunguliwa.

Kijiwe kilikuwa kinameremeta, na watoto wakakiweka dirishani. Vumbi la Uluguru lina mng'ao huo kwa sababu milima ile ina ulanga, madini ya tabaka nyembamba ambayo Wajerumani waliyachimba huko na Waingereza wakaendelea. Kuna kichekesho kidogo hapo: ulanga uliosagwa ni mojawapo ya vitu vinavyochanganywa kwenye vitambaa vya pedi za breki. Kwa hiyo upande mmoja wa diski ulikuwa na ulanga wa kiwandani, na upande wa pili ulanga wa barabarani.

Tunarudi mlimani, kwenye kona ambako bibi alishika mlango. Mwalimu aliegesha palipokuwa na nafasi, akazima injini. Gurudumu la kushoto lilikuwa na harufu ya kitu kilichoungua, na rimu yake haikushikika. Dereva wa bodaboda aliyesimama kuwasaidia akachota maji mtoni kwa dumu na kuja nalo mbio. Bibi ndiye aliyemzuia. "Acha, baba. Chungu kikitoka motoni hakimwagiwi maji ya baridi." Hakuwahi kushika usukani maisha yake yote, na alikuwa sahihi: diski iliyopata moto sana ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupasuka. Wakakaa kando ya njia karibu saa nzima, watoto wakila karoti.

Dereva wa Canter ya mboga ndiye aliyewafundisha namna ya kumalizia mteremko. Alisikiliza maelezo yote, akauliza jambo moja: "Shikamoo mama. Umeshuka na gia gani?" Mwalimu alikuwa ameshuka na D tangu juu, kama anavyoendesha kutoka Kilakala kwenda Msamvu. Dereva akatikisa kichwa. Mlima, akasema, unaushuka kwa gia uliyoupandia. Hata gari la gia za kujibadilisha lina nafasi za gia nzito chini ya D, na ukiweka hapo injini inalizuia gari, mguu unapumzika. Wanaoendesha malori kupita Kitonga, ule mteremko wa njia ya Iringa mbele ya Ruaha Mbuyuni, wanaijua kanuni hii kama wanavyojua majina ya watoto wao. Wenye magari madogo hatuisikii mara kwa mara, pengine kwa sababu gari dogo husamehe. Walishuka hadi Sangasanga mwendo wa mtu anayekimbia polepole.

Kesho yake Mwalimu alilipeleka gari kwa fundi mzee ambaye hakuwahi kwenda kwake. Ungetegemea fundi aanze na gari. Yeye alianza na Mwalimu.

"Karibu, mama. Linalia au linasaga?"

"Halilii, linasaga."

"Limeacha kulia lini?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akafikiri, akakumbuka: karibu na Pasaka. Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyeshapata jibu. Kwake yeye sauti hizo hazikuwa kelele moja inayoongezeka. Kila moja ilikuwa neno lake. Kulia ni ulimi wa pedi. Kusaga ni bamba la chuma juu ya diski ya chuma. Kugonga, ngo, gari likikanyaga shimo, hiyo ni miguu ya gari na si breki. Kanyagio likitetemeka unapopunguza mwendo na usukani ukicheza, hiyo ni diski isiyo sawa. Na kilio kikikoma chenyewe bila mtu kugusa gari, usifurahi, maana ulimi umekwisha kuliwa. Mwalimu anakiri alitamani kutoa daftari.

"Basi tufungue," akasema. Akamwita kijana wake, ambaye alimtambua mteja mara moja: "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Kumbe uko huku?" Alikuwa amemfundisha kidato cha pili.

Kijana akalegeza nati gari likiwa bado chini, akaweka mawe nyuma ya tairi, akapiga jeki, akaingiza stendi ya chuma chini ya gari kabla ya kuvua gurudumu. Ile pedi ya nje, inayoonekana ukichungulia, ilikuwa na kitambaa cha milimita 5 hivi. Kwa mtu wa tochi ya simu, ile ilikuwa pedi nzima kabisa. Kisha akavua kalipa na kutoa ya ndani. Haikuwa na kitambaa hata kidogo. Ilikuwa bamba tupu, limepauka kwa moto, na uso wa ndani wa diski ulikuwa na mifereji kama sahani ya santuri.

Pedi mbili za gurudumu moja, zilizofungwa siku moja. Inakuwaje moja ife na nyingine ibaki nusu? Kalipa ya gari la namna hii ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuvuta pedi ya nje, mfano wa koleo. Pini zikiganda, koleo linabana kwa taya moja. Kipira cha kuzuia vumbi kwenye pini ya chini kilikuwa kimechanika, maji ya madimbwi yakaingia, kutu ikafanya kazi yake. Kijana ilibidi aigonge pini kwa nyundo itoke. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kipira kidogo kilichochanika. Pedi na diski vilikuwa wagonjwa walioambukizwa.

Kijana aliinama apulize vumbi jeusi kwa mdomo. Mzee akampiga kofi la begani, akampa kitambaa kilicholowa. Sababu yake ina historia ndefu. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki za diski mwaka 1902, zikibana metali kwa metali, na kelele zake zilikuwa mateso. Aliyekuja kuzinyamazisha ni Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, mwanzilishi wa Ferodo, aliyetumia vitambaa vya asbesto. Asbesto ilistahimili moto na kutuliza sauti, ikatumika kwenye breki kwa miongo mingi, na vumbi lake likaja kujulikana kuwa linaleta saratani ya mapafu. Pedi nyingi za leo hazina asbesto. Lakini nani anajua kilichomo kwenye boksi lisilo na jina lililouzwa kwa bei ya kutupa? Kitambaa kilicholowa ni cha bure.

Mzee hakuishia mbele. Akafungua na dramu za nyuma kutazama brekishuu, ambazo zilikuwa nzima, na wakati kijana akizifuta Mwalimu akawasimulia kisa alichowahi kukisoma. Agosti 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz alilichukua gari alilolibuni mumewe Karl bila kumuaga, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim, kilomita 100 hivi. Huitwa safari ndefu ya kwanza ya gari la injini. Ukiitazama vizuri, ni mama na watoto waliokwenda kumsalimia bibi. Kwenye miteremko breki zake za mbao zikaisha. Bertha akamtafuta fundi viatu, akamwagiza azipigilie ngozi, safari ikaendelea. "Kwa hiyo pedi ya kwanza alifunga fundi viatu?" kijana akauliza. Mzee akasema fundi viatu angalau alifungua akaona.

Matengenezo hayakuchukua muda mrefu kama mazungumzo. Diski ya kushoto ilipimwa kwa vernia. Diski nyingi zimeandikwa kwenye kofia zake unene wa mwisho unaoruhusiwa, na hii ilikuwa imeshauvuka, kwa hiyo kuipeleka ikakerezwe kungeifanya nyembamba zaidi. Kufunga pedi mpya juu ya mifereji nako ni kutupa fedha, kwani pedi hugusa vilele tu vya matuta. Zikanunuliwa diski mbili, za kushoto na kulia, na seti ya pedi kwa magurudumu yote mawili ya mbele, ili gari lisivute upande mmoja likisimama ghafla. Pini zikasuguliwa, zikapakwa grisi ya silikoni inayostahimili joto. Grisi ya kawaida huvimbisha vipira, na kipira kilichovimba ndicho kinachoanzisha upya hadithi yote. Mafuta ya breki yakabadilishwa yote, kwa kuwa hunyonya unyevunyevu wa hewa: mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye 140, na yakichemka mlimani kanyagio linazama kama mguu kwenye tope.

Kabla ya kumkabidhi ufunguo mzee alimketisha kwenye usukani, injini imezimwa, akamwambia akanyage breki. Kanyagio likaenda hadi chini. Mwalimu akashtuka. "Kanyaga tena. Tena." Mara ya nne likawa gumu. Pistoni zilikuwa zimerudishwa ndani, zikahitaji kusogezwa mpaka ziikute pedi. Anayesahau hatua hiyo huligundua kosa lake kwenye ukuta wa gereji. Halafu akamwonya asifunge breki za ghafla kwa kilomita 300 za mwanzo kama hakuna dharura, ili pedi na diski zizoeane.

Gharama? Mwalimu hataki kuitaja, ila anasema pedi peke yake, zile za mwezi Machi, zingekuwa sehemu ndogo tu ya bili ile. Diski ndizo zilizomfilisi, na diski hazikuwa zimeumwa na chochote mpaka kilio kilipokoma.

Wiki mbili baadaye walimrudisha bibi Nyandira. Alikaa nyuma safari hii, karibu na dirisha la kushoto, na hakueleza sababu. Mwalimu alishuka peke yake jioni kwa gia nzito, redio imezimwa.

Ile pedi iliyokufa iko kwenye droo ya meza yake shuleni, na kila akifika kwenye tanakali huizungusha darasani, mwanafunzi mmoja mmoja aipapase. Kwenye gari kuna daftari la mafuta ambalo kurasa zake za mwisho zimepigwa mistari kwa rula. Kila baada ya miezi sita gurudumu hufunguliwa, na Mwalimu huandika mwenyewe. Mstari wa karibuni unasema: kushoto ndani milimita 7, kushoto nje 7, kulia ndani 7, kulia nje 7, pini zinateleza.